Ardhi ya Afrika inanyonya kaboni au inaitoa? Kwa nini hesabu zinagongana

Mwaka 2014 kundi kubwa la wanasayansi lilichapisha hesabu ya kaboni ya bara zima la Afrika. Jibu lao lilikuwa hili: ukijumlisha misitu, savana, mashamba, nyika na udongo, ardhi ya Afrika hunyonya kaboni nyingi kuliko inayotoa, na ziada hiyo ni tani milioni 610 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye awamu ya pili ya mradi uleule, uitwao RECCAP, ilikuja na jibu jingine. Safari hii ardhi ileile ilionekana kutoa ziada ya tani milioni 160 kwa mwaka.

Ukizisoma namba hizo mbili peke yake utasema bara limegeuka: lilikuwa linameza, sasa linatema. Huenda ni kweli. Lakini jibu la kwanza lilikuja na ukingo wa shaka wa tani milioni 580 kila upande, kwa hiyo mwisho wake mmoja ulibaki tani milioni 30 tu kabla ya kugusa sifuri. La pili lina ukingo mpana zaidi, unaoanzia kunyonya tani bilioni 1.52 na kuishia kutoa tani bilioni 1.83. Sifuri imo ndani kabisa ya ukingo huo. Waandishi wenyewe hawakuficha jambo hili. Waliandika kwamba uwezo wa bara kunyonya unapungua, na kwamba chanzo kilichojitokeza ni kidogo. Anayenukuu namba ya katikati na kuacha ukingo ndiye anayepotosha.

Nitakachofanya hapa ni kueleza huo ukingo unatoka wapi. Kwa maoni yangu una habari nyingi kuliko namba iliyo katikati yake.

Vipimo kwanza, maana ubishi mwingi huanzia hapo. Watu wa fani hii huhesabu kwa petagramu, na petagramu moja ni tani bilioni moja. Wapo wanaohesabu kaboni peke yake na wapo wanaohesabu hewa ukaa, yaani kaboni pamoja na oksijeni iliyoshikamana nayo. Tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Utafiti wa 2014 ulisema kukata misitu na kubadili matumizi ya ardhi Afrika hutoa tani bilioni 0.32 kwa mwaka; ule wa 2024 ukasema 1.7. Haraka haraka unaona ongezeko la mara tano. Kumbe la kwanza ni kaboni na la pili liko kwenye kipimo cha hewa ukaa: gawa 1.7 kwa 3.67 upate takriban 0.46. Ongezeko lipo, ila si la kutisha kiasi hicho. Kisha kuna alama ya kutoa. Hesabu hizi hufanywa kwa kusimama upande wa angahewa, kwa hiyo ardhi ikinyonya, namba inaandikwa hasi. Hasi ndiyo habari njema.

Tofauti ndogo kati ya namba kubwa

Mimea ya nchi kavu duniani huvuta takriban tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka kwa usanisinuru. Karibu zote hurudi hewani: mimea yenyewe inapumua, vijidudu vya udongoni vinaozesha majani, mifugo na wadudu wanakula, moto unateketeza. Kinachobaki ardhini baada ya pilika zote hizo, kwa dunia nzima, ni kama tani bilioni 3. Sasa fikiria umekosea kupima usanisinuru kwa asilimia 3 tu. Kosa lako ni tani bilioni 3.6, kubwa kuliko kitu chenyewe unachokitafuta.

Ndivyo ilivyo hata kwa bara moja. Katika hesabu ya 2014 moto peke yake ulitoa tani bilioni 1.03 za kaboni kwa mwaka Afrika, na asilimia 90 ya hiyo ilitoka kwenye savana na misitu mikavu. Urari wote wa bara, zile tani milioni 610, ni mdogo kuliko kipengele hicho kimoja. Tena urari haukai mahali pamoja. Mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa ukame hutofautiana kwa takriban nusu ya tani bilioni, na kuyumba huko kwa Afrika kulikadiriwa kuchangia kama robo ya kuyumba kwa kaboni ya dunia nzima mwaka hadi mwaka. Ukipima miaka mitatu ya mvua ukadhani umepima bara, umepima mvua.

Kuanzia chini

Njia ya kwanza ni kuhesabu kilichopo. Watafiti huchora kiwanja msituni, mara nyingi cha hekta moja, wakapima unene wa kila mti mita 1.3 kutoka ardhini, wakaugongomea kibati chenye namba, kisha wakarudi baada ya miaka kadhaa kupima tena. Miti iliyonenepa, iliyochipua na iliyokufa yote inaingia daftarini. Wannes Hubau na wenzake walikusanya vipimo vya viwanja 244 vya misitu ya mvua isiyokatwa katika nchi 11 za Afrika, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kwa miongo mitatu hadi 2015 kila hekta ilikuwa ikiongeza wastani wa tani 0.66 za kaboni kwa mwaka, bila dalili ya kulegea, wakati misitu ya Amazon ilikwisha kuanza kulegea tangu miaka ya 1990. Viwanja vilivyofuatiliwa kwa karibu zaidi ndivyo vilivyotoa tahadhari: kuanzia takriban 2010, kaboni inayopotea ilianza kuongezeka huku Afrika pia.

Mimi huuamini ushahidi wa namna hii kuliko mwingine wowote katika fani hii, kwa sababu mtu ameugusa mti. Hata hivyo una mapengo mawili. La kwanza ni kwamba hakuna anayeupima mti kwa mizani. Unapimwa unene, halafu kanuni ya hesabu inakisia uzito. Kanuni hizo hutengenezwa kwa kukata miti michache, kuikausha na kuipima, na ile iliyotumika sana kuanzia 2005 katika nchi za tropiki ilijengwa bila mti hata mmoja wa Afrika. Toleo la 2014 lilirekebisha hilo kwa kutumia miti zaidi ya 4,000 kutoka sehemu 58 za tropiki, Afrika ikiwemo. Kwa miaka tisa, basi, uzito wa misitu ya Kongo ulikuwa ukikisiwa kwa miti ya mabara mengine.

Pengo la pili ni kubwa zaidi. Msitu wa mvua usiokatwa ni sehemu ndogo ya bara lenye kilomita za mraba milioni 30. Sehemu iliyobaki ni savana, miombo, vichaka, mashamba yenye miti na nyika kavu, na huko viwanja ni vya kuhesabika. Hapa picha za setilaiti zimesaidia kwa namna ambayo miaka ishirini iliyopita ingeonekana mzaha. Mwaka 2023 watafiti walitumia kompyuta iliyofunzwa kutambua kivuli na taji la mti, wakahesabu mti mmoja mmoja katika maeneo makavu ya Afrika kusini mwa Sahara yaliyo kaskazini mwa ikweta. Wakapata miti bilioni 9.9. Kaboni yote iliyomo ndani ya miti hiyo ni tani bilioni 0.84.

Namba hiyo ni ndogo kuliko kaboni inayotolewa na moto wa Afrika kwa mwaka mmoja. Inawezekanaje? Kwa sababu moto wa savana huteketeza zaidi nyasi, na nyasi huota tena mvua ikinyesha. Akiba ni kitu kimoja, mtiririko ni kitu kingine. Mfano wa upande wa pili ni mboji ya vinamasi vya katikati ya bonde la Kongo, ambayo ukubwa wake haukujulikana hadi uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017: takriban tani bilioni 30 za kaboni zimelala humo, tabaka juu ya tabaka la majani na mizizi iliyooza nusu. Akiba ni kubwa mno, lakini mtiririko wake wa kila mwaka hauonekani sana kwenye urari, mradi vinamasi vibaki na maji.

Kupima mtiririko wenyewe kunahitaji minara. Juu ya mnara huwekwa chombo kinachosoma upepo unapanda au unashuka, na kingine kinachosoma kiasi cha hewa ukaa, mara kumi au ishirini kwa sekunde. Kama upepo unaoshuka una hewa ukaa nyingi kuliko unaopanda, maana yake mimea iliyo chini imeivuta. Jumlisha mamilioni ya visomo hivyo na unapata kiasi kilichovutwa au kutolewa katika eneo la mita mia kadhaa hadi kilomita moja hivi. Mnara wa Skukuza, ndani ya Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini, umesimama tangu 2000. Ule wa Yangambi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye urefu wa mita 55, ulianza kupima 2020. Tazama tarehe hizo mbili. Msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani ulipata mnara wake miongo miwili baada ya savana ya Kruger, wakati Ulaya na Marekani zilikwisha kuwa na minara kwa mamia.

Minara nayo ina udhaifu wake wa usiku. Upepo ukitulia, hewa ukaa inayopumuliwa na udongo hujikusanya chini ya majani, au hutelemka bondeni bila kupita kwenye chombo. Mchana unapimwa vizuri, usiku unapimwa nusunusu, na matokeo yake msitu unaonekana mnyonyaji hodari kuliko ulivyo.

Kuanzia juu

Njia ya pili inaanzia mwisho wa hadithi. Badala ya kuuliza kila mti umefanya nini, unapima hewa yenyewe halafu unarudi nyuma kutafuta nani aliibadilisha. Ukisikia harufu ya moshi, ukajua upepo unavuma kutoka wapi, unaweza kukisia jirani gani amewasha moto, na ukali wa harufu unakuambia kitu kuhusu ukubwa wake. Wanasayansi hufanya hivyo kwa modeli za mwendo wa upepo: wanaanza na makisio ya awali ya nani anatoa na nani ananyonya, wanayapeleka kwenye modeli, wanalinganisha na hewa iliyopimwa, kisha wanasahihisha makisio hadi yalingane na vipimo.

Njia hii ina nguvu moja kubwa. Jumla ya dunia inajulikana vizuri sana. Hewa ukaa angani imepimwa karibu bila kukoma huko Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958, na kila inapoongezeka kwa sehemu moja kwa milioni, ni tani bilioni 2.12 za kaboni zilizobaki hewani. Hakuna anayeweza kudanganya jumla hiyo. Tatizo ni kuigawa. Ukiliandikia bara moja chanzo kikubwa mno, lazima uliandikie jingine unyonyaji mkubwa ili jumla itimie, na makosa hayo mawili yatapatana vizuri kwenye karatasi.

Kwa Afrika vituo vya kupima hewa kwa muda mrefu ni vichache: Cape Point kwenye ncha ya kusini, Gobabeb jangwani Namibia, Mlima Kenya, na vingine vya hapa na pale. Pasipo na kituo, modeli haina cha kusahihishia, kwa hiyo inakurudishia makisio uliyoyaingiza mwenyewe, yakiwa yamevaa suti ya hisabati.

Setilaiti zilikuja kuziba pengo hilo. Japani ilirusha GOSAT mwaka 2009 na NASA ikarusha OCO-2 mwaka 2014. Hizi husoma mwanga wa jua uliogonga ardhi na kurudi juu, na kutokana na rangi zilizofyonzwa njiani hukadiria hewa ukaa iliyo katika safu yote ya hewa. Mwaka 2017 watafiti waliotumia OCO-2 walieleza kilichotokea wakati wa El Niño ya 2015 na 2016: ikilinganishwa na 2011, ardhi ya tropiki ilitoa ziada ya tani bilioni 2.5 za kaboni, ikigawanyika karibu sawa kati ya mabara matatu, lakini kwa sababu tofauti. Amerika ya Kusini ukame ulipunguza usanisinuru. Asia moto uliongezeka. Afrika mimea iliendelea kama kawaida, ila joto liliongeza kasi ya kupumua na kuoza. Kazi hiyo ninaipenda kwa jinsi walivyotenganisha visababishi: usanisinuru waliufuatilia kwa mwanga hafifu ambao majani hutoa yanapofanya kazi, na moto kwa gesi ya kaboni monoksidi.

Kisha likaja bomu. Mwaka 2019 Paul Palmer na wenzake walitumia setilaiti zote mbili wakapata kwamba Afrika ya tropiki ilitoa ziada ya tani bilioni 1.48 za kaboni mwaka 2015 na bilioni 1.65 mwaka 2016, na kwamba dalili hiyo ilikuwapo kwenye vipimo tangu 2009. Vitovu viwili vilionekana: magharibi mwa Ethiopia na tropiki ya Afrika Magharibi, maeneo yenye kaboni nyingi udongoni na yaliyobadilishwa sana kwa kilimo. Bonde la Kongo lilibaki mnyonyaji. Ilikuwa vigumu kuoanisha matokeo hayo na watu wa viwanja na minara. Kwa kiasi hicho cha hasara kila mwaka, savana za kaskazini mwa ikweta zingepaswa kuwa zinafilisika mbele ya macho yetu. Kumbuka ile miti bilioni 9.9 na kaboni yake ya tani bilioni 0.84. Hata kama ingeteketea yote, isingetosha mwaka mmoja. Kwa hiyo kaboni ingepaswa kutoka udongoni, na kwa wingi wa ajabu.

Suluhisho lilitoka baharini. Hewa ya Afrika ya tropiki husukumwa na upepo wa mashariki hadi juu ya Atlantiki. Kati ya 2016 na 2018 NASA ilikuwa na mradi wa ndege uitwao ATom, uliopita huko katika majira manne tofauti huku ndege ikipanda na kushuka na kupima hewa moja kwa moja. Mwaka 2023 Benjamin Gaubert na wenzake walichukua modeli nyingi zilizokwisha kukadiria kaboni ya Afrika, wakauliza swali rahisi: kila modeli inasema hewa juu ya Atlantiki ingekuwaje, na ndege ilikuta nini? Modeli zilizoipa Afrika ya kaskazini mwa ikweta chanzo kikubwa zilitabiri hewa ukaa nyingi kuliko iliyokutwa. Ukiruhusu ndege iamue, eneo hilo lilitoa tani bilioni 0.14 kwa mwaka, jumlisha au toa 0.39. Karibu sifuri. Walihitimisha kwamba huenda setilaiti inasoma juu kidogo katika eneo hilo.

Kidogo kiasi gani? Hewa ukaa angani ni zaidi ya sehemu 400 kwa milioni, na alama ya bara zima kwenye safu ya hewa mara nyingi haifiki hata sehemu moja. Vumbi la Sahara, moshi wa moto wa nyika na mawingu membamba yote hupotosha mwanga unaosomwa na setilaiti. Tena mawingu huzidi wakati wa mvua, yaani hasa pale mimea inaponyonya. Setilaiti huona kiangazi vizuri kuliko masika. Katika ubishi huu mimi niko upande wa ndege, ingawa ukingo wa 0.39 unaniambia nisishangilie sana.

Afrika si bara la kwanza kupitia hali hii. Mwaka 1998 hesabu ya kuanzia juu ilisema Amerika ya Kaskazini hunyonya tani bilioni 1.7 kwa mwaka, kiasi kilichokaribia kufuta moshi wote wa viwanda na magari yake. Mwaka 2001 wanasayansi wa pande zote mbili walikaa pamoja wakahesabu hadi mbao zilizojengewa nyumba, takataka zilizofukiwa, tope lililotuama mabwawani na nafaka zilizouzwa nje. Kwa majimbo 48 ya Marekani yaliyoungana walipata kati ya bilioni 0.30 na 0.58, na safari hii hesabu ya chini na ya juu ziligusana.

Moto haujibu swali

Turudi kwenye moto, kwa sababu ndipo wengi hupotea. Kwa miaka mingi eneo lililoungua lilipimwa kwa setilaiti ambazo nukta moja ya picha ni mita 500. Moto mdogo wa kusafisha shamba hauonekani humo. Watafiti walipotumia setilaiti za Sentinel-2, zenye nukta za mita 20, waligundua kwamba mwaka 2016 Afrika ya kusini mwa Sahara iliunguza kilomita za mraba takriban milioni 4.9, asilimia 80 zaidi ya ilivyodhaniwa. Kaboni iliyotoka ilikadiriwa kuwa tani bilioni 1.44.

Je, Afrika ikawa mbaya zaidi kwa kaboni baada ya ugunduzi huo? Hapana. Hewa ilikuwa ileile kabla na baada. Kama moto unatoa zaidi ya tulivyofikiri, basi nyasi nazo hurudisha zaidi ya tulivyofikiri, au kuoza ni kidogo kuliko tulivyofikiri. Kipengele kimoja kikipanda, kingine lazima kipande au kishuke ili jumla ilingane na anga. Kinachobadilika ni uelewa wetu wa mashine inavyofanya kazi, na huo ni muhimu kwa kutabiri kesho. Kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani lilipungua kwa takriban robo, sehemu kubwa savanani, kwa sababu mashamba na mifugo vinakata nyika vipande vipande na moto haupati njia. Moto ukipungua, vichaka hujaa na kaboni huongezeka. Lakini shamba lililouzuia moto huo lilifyeka miti kwanza. Urari wa mambo hayo mawili hutofautiana wilaya hadi wilaya.

Mpaka wa daftari uko wapi?

Sababu nyingine ya namba kugongana haina uhusiano na vyombo kabisa. Ni suala la nini kinahesabiwa. Kakao iliyoota Ghana ilivuta kaboni hewani Ghana, lakini kaboni hiyo itapumuliwa na mlaji wa chokoleti Ulaya. Anga inaona Ghana ikinyonya. Udongo wa Ghana haujaongeza kitu. Kaboni inayosombwa na mvua kutoka msituni huingia mtoni na kutoka hewani mbali na mnara uliokuwa ukipima msitu huo. Kuni na mkaa hukatwa hapa na kuchomwa kule. Hesabu ya 2024 iliongeza mbinu mpya za kukadiria mchwa, wanyama wala majani na moto, kwa hiyo sehemu ya safari kutoka hasi 0.61 hadi chanya 0.16 inaweza kuwa ni daftari lililobadilika, si ardhi.

Hesabu rasmi za serikali zina mpaka wao pia: zinahesabu ardhi inayosimamiwa na binadamu, na kila nchi hujiamulia ni ipi hiyo. Fedha zinaning'inia hapo. Mwaka 2021 Gabon ilipokea dola milioni 17 kwa kupunguza ukataji na uharibifu wa misitu, malipo ya kwanza ya aina hiyo kwa nchi ya Afrika.

Na hewa ukaa si yote. Hesabu ya 2024 iliipa Afrika tani milioni 77 za methani kwa mwaka, kutoka vinamasi, mifugo, taka na kwingineko. Ukichukua kila tani ya methani kuwa kama tani 27 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, unapata takriban tani bilioni 2.1, zaidi ya mafuta, makaa na gesi yote inayochomwa barani, ambayo ilikadiriwa kuwa tani bilioni 1.74. Ubishi wa kama ardhi ni hasi au chanya kwa hewa ukaa peke yake unaweza kuwa umeacha mlango mkubwa wazi.

Modeli zinajua nini

Katikati ya viwanja na anga kuna modeli za mimea, karibu 20 zinazotumika katika hesabu ya kila mwaka ya dunia. Hizi hulima bara ndani ya kompyuta: zinapewa mvua, joto, mwanga na kiasi cha hewa ukaa angani, zikaotesha nyasi na miti, zikaua, zikaozesha. Kabla ya 2017 hesabu ya dunia haikuzitegemea hivyo. Unyonyaji wa ardhi ulipatikana kwa kutoa, yaani kilichobaki baada ya kuondoa anga na bahari. Sasa ardhi inakadiriwa kivyake, na kisicholingana kinaandikwa wazi kama kasoro ya urari. Ni mabadiliko ya uaminifu ambayo hayasifiwi vya kutosha.

Udhaifu wa modeli hizi Afrika unaanza na mvua yenyewe, maana vituo vya kupimia mvua ni vichache na vingi vimefungwa tangu miaka ya 1980. Kisha kuna savana. Modeli nyingi zilizaliwa kwenye misitu ya nchi za baridi, ambako moto ni ajali na tembo hayupo. Savanani nyasi na miti hugombania ardhi ileile, na moto, ambao kwa kawaida huwashwa na watu kwa sababu zao, ndio refa. Modeli mbili zinaweza kulingana kuhusu jumla ya leo kwa sababu zinazopingana kabisa, moja ikidhani hewa ukaa iliyoongezeka inarutubisha miti sana, nyingine ikidhani inarutubisha kidogo lakini udongo unaoza polepole. Zikitakiwa kutabiri 2080 zitaachana njia.

Tarehe 29 Aprili 2025 Ulaya ilirusha setilaiti ya Biomass kutoka Kourou, Guiana ya Kifaransa. Rada yake hutumia mawimbi marefu ya takriban sentimita 70, yanayopenya majani hadi kwenye mashina na matawi makubwa, ambako kaboni nyingi ya msitu ipo. Ramani zake zikilinganishwa mwaka kwa mwaka zitaonyesha moja kwa moja wapi mbao zimeongezeka na wapi zimepungua, hata Kongo chini ya mawingu. Hiyo itabana ukingo upande wa miti. Upande wa udongo, ambako savana huweka kaboni yake nyingi, hakuna rada inayofika. Huko lazima mtu achimbe, apime tabaka kwa tabaka, na mwingine arudi palepale baada ya miaka kumi achimbe tena. Na maeneo ya Afrika yaliyokwisha kuchimbwa mara mbili kwa utaratibu huo ni machache mno kuliwakilisha bara.